Kabla ya Kupakia, Uliza Faili Itakuwa ya Nani

Siku ya kwanza kazini utapewa kiti, paswadi ya Wi-Fi na linki ya folda iliyo mtandaoni. Kiti utakizoea na Wi-Fi itakusumbua mara moja moja, lakini ile folda ndiyo itakayoonyesha kama wewe ni mtu wa kukabidhiwa kazi. Nimeshughulika na nyaraka kwa muda katika ofisi za hapa Nairobi: zabuni, mikataba, ripoti za wafadhili, picha zinazoletwa kutoka nyanjani. Vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi kwa muda, wakiletwa kwenye meza yangu, huwauliza swali moja kabla hawajagusa chochote: faili hii ni ya nani?

Wengi hunitajia aliyeiandika. Ninachotaka kujua ni imekaa katika akaunti ya nani, maana hapo ndipo unapojua nani anaweza kuifuta kabisa, nafasi ya nani inaliwa, na nani atabaki nayo mkataba wako ukiisha.

Tuanze na Google Drive, hifadhi ya faili mtandaoni ambayo huenda ndiyo utakayoikuta. Ukiwa na akaunti ya kawaida ya Gmail na upakie faili ndani ya folda ya mwenzako, folda inabaki yake lakini faili ni yako. Ni kama friji ya wapangaji wanaoishi pamoja: friji ni ya mmoja, maziwa ni ya mwingine. Faili hiyo inakula nafasi yako, na ukifuta akaunti yako inaondoka nawe, hata kama ofisi nzima ilikuwa ikiitegemea. Kinyume chake pia kipo. Mwenye folda akiifuta, faili zako hazifi, ila zinatoka mahali ulipozizoea. Huenda zikahamia kwenye Drive yako au zikabaki bila folda yoyote, na mtu huapa kwamba zimepotea. Ukipatwa na hilo, angalia kwanza Drive yako, na zisizo na folda uzitafute kwa kuandika is:unorganized owner:me kwenye kisanduku cha kutafuta.

Ofisi moja ya utafiti ninayoifahamu ilikusanya data ya mradi mzima kwa fomu zilizofunguliwa na kijana wa atachimenti kwa Gmail yake binafsi. Hakuna aliyemkataza, wala yeye hakuwa na nia mbaya. Alipomaliza muda wake akarudi kwao, akabadilisha laini ya simu, na mfadhili alipotaka data ghafi watu walianza kumtafuta kupitia binamu na wanafunzi wenzake. Alipatikana, na alikuwa muungwana. Lakini ofisi haiwezi kuishi kwa kutegemea uungwana wa mtu aliyekwishaondoka.

Kwa hiyo ukifika, omba akaunti ya ofisi siku hiyo hiyo, na usianze kazi kwa Gmail yako hata ukiambiwa "anza tu, tutapanga baadaye." Baadaye haiji. Isitoshe, huwezi kuhamisha umiliki wa faili kutoka akaunti binafsi kwenda akaunti ya kampuni kwa kubonyeza tu. Itabidi faili zinakiliwe upya, na historia ya mabadiliko yake inabaki nyuma. Kampuni zinazolipia Google Workspace, yaani huduma za Google za maofisi, zinaweza kuwa na hifadhi za pamoja, ambamo kila faili ni mali ya kampuni, haidhuru nani aliipakia. Ukiona ofisi yako inayo, weka kazi zako zote humo.

Na kama ofisi ni ya watu wanne pale ghorofani mtaa wa Tom Mboya na hakuna hela ya Workspace? Hapo mkubwa afungue akaunti moja ya bure kwa jina la ofisi, paswadi akae nayo mwenyewe, na folda kuu ziwe za akaunti hiyo. Nyinyi mwalikwe kwa akaunti zenu. Kila kazi ikikamilika, aliyeifanya ahamishe umiliki kwenda akaunti ya ofisi. Kati ya akaunti mbili za bure inawezekana, ila anayepokea lazima akubali, na hapa ndipo mambo hukwama kwa sababu mkubwa hafungui barua pepe. Mkumbushe bila aibu.

Usidhani huduma zote zinafanana. Katika Dropbox, folda ya pamoja huhesabiwa kwenye nafasi ya kila mwanachama, na akaunti ya bure ina GB 2 tu. Ukialikwa kwenye folda ya GB 3 hutaweza kujiunga hata ubonyeze namna gani. Pia mwenye ruhusa ya kuhariri akifuta faili pale, imefutika kwa wote. OneDrive hutoa GB 5 bure na Google GB 15.

Hizo 15 ni nyingi kwenye karatasi, lakini zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na picha. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha unayopakia Google Photos inahesabiwa, na kuanzia 2024 bekapu ya WhatsApp ya simu za Android nayo ikaingizwa humo humo. Akaunti ikijaa, barua pepe mpya haziingii. Fikiria uko Githurai unasubiri jibu la ombi la kazi, kumbe barua ya kuitwa kwenye usaili inamrudia aliyekutumia kwa sababu umejaza video za harusi. Kagua nafasi yako kila mwisho wa mwezi.

Sasa jambo linaloliza watu kuliko yote. Programu ya Drive, Dropbox au OneDrive ikiwekwa kwenye kompyuta, husawazisha folda: kinachofanyika hapa kinafanyika kule, na kufuta ni mojawapo ya hayo. Mgeni anaona laptopu ya ofisi imejaa, anaona folda nzito, anaifuta akijiambia "si iko mtandaoni?" Baada ya dakika chache imeondoka mtandaoni na kwenye kompyuta za wenzake pia. Ukitaka kupunguza uzito, tumia ile amri ya kuacha faili mtandaoni peke yake na kutoa nakala ya kwenye mashine. Usiguse kitufe cha kufuta. Likishatokea, kimbilia pipa la taka. Google Drive hushikilia vilivyofutwa kwa siku 30, na Dropbox ya bure vilevile. Siku hizo zikipita, usitegemee tena kwamba kuna wa kukusaidia.

Kwa sababu hiyo sikubali mtu aite usawazishaji bekapu. Virusi vya kufunga faili na kudai fidia vikiingia kwenye laptopu, faili zilizoharibiwa husawazishwa kwa bidii ile ile iliyosawazisha nzuri. Watu wa fani hii wana kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine. Kwa ofisi ndogo inatosha kununua diski ya nje, kunakili kila Ijumaa, kisha kuichomoa. Ikibaki imechomekwa, virusi vitaifikia nayo.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao wageni huujua wakiwa tayari wako saiba, yaani duka la intaneti. Hati iliyoandikwa ndani ya Google Docs haikai kwenye kompyuta kama faili kamili. Unachokiona kwenye folda, chenye mwisho wa .gdoc, ni kielekezi tu cha kukupeleka mtandaoni. Ukikinakili kwenye flashi ukaenda kuprinti River Road, utakuta flashi haina kitu cha kuprinti. Pakua hati kama PDF kwanza. Na ukiwa na hiyo PDF kwenye flashi, huna haja ya kuingia kwenye akaunti yako katika mashine ya saiba. Nenda ukafungue folda ya vitu vilivyopakuliwa katika kompyuta yoyote ya saiba za mjini: utakuta vitambulisho vya watu, vyeti vya KRA PIN (namba ya mlipa kodi), barua za mahakama, mpaka majibu ya hospitali. Wenyewe wameshapanda matatu zamani. Kama ni lazima uingie, tumia dirisha la faragha (incognito), ufute ulichopakua, utoke. Ukifika nyumbani, fungua ukurasa wa usalama wa akaunti yako uondoe kifaa chochote usichokijua.

Kuhusu linki, mgeni hushawishika kuchagua "yeyote mwenye linki" kwa sababu hakuna atakayemsumbua kuomba ruhusa. Linki hiyo ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp, huna tena habari nayo. Itapelekwa kundi la pili, na la tatu. Na kama uliwapa ruhusa ya kuhariri, mtu usiyemjua anaweza kubadilisha kiasi cha fedha kwenye bajeti yenu akiwa amekaa kwenye foleni ya benki. Desturi yangu ni kualika watu kwa anwani zao za barua pepe, kuanza na ruhusa ya kutazama, kisha kuongeza kwa anayehitaji. Ni usumbufu, nakubali. Kwa tangazo au fomu ya umma, linki ya wazi haina shida. Kwa mishahara, orodha za wanufaika, nakala za vitambulisho na CV za waombaji, usithubutu.

Hapa kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibebesha ofisi yako jukumu la kulinda habari za watu inazozishika. Zikifikiwa na wasiohusika na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo ukigundua umeacha folda ya vitambulisho wazi, usiifunge kimyakimya ukatumaini hakuna aliyeona. Mwambie msimamizi wako saa hiyo hiyo, maana saa zinahesabiwa.

Majina ya faili sitayarefusha. Anza na mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-14, ili zijipange zenyewe. Na usipakie "zabuni mpya", "zabuni mpya 2" na "zabuni ya mwisho kabisa". Katika Drive unaweza kupakia toleo jipya juu ya faili ile ile, linki isibadilike, na matoleo ya zamani ya faili ya Word au Excel yakahifadhiwa kwa siku 30 au mpaka yafike 100. Aliyetumiwa linki wiki iliyopita atafungua toleo la leo bila kuambiwa.

Mtandao na stima nitavigusa kwa sababu uko Nairobi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Siku za kawaida zina vijitatizo vyake: tokeni za stima zimeisha, bando limeisha, mtu wa Wi-Fi hashiki simu. Zabuni inayofungwa saa nne asubuhi hupakiwa jana yake. Hati unazozitegemea ziwekee alama ya kupatikana bila mtandao mapema, ukiwa bado na mtandao, maana ukishakatika huwezi kuiweka. Kwenye simu, amuru picha na video zipakiwe kwa Wi-Fi pekee, la sivyo bando la wiki litaisha ukiwa bado uko Thika Road.

Na simu yenyewe inaweza kunyakuliwa kupitia dirisha la matatu, mchana kweupe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani paswadi pamoja na msimbo unaotumwa kwenye simu, lakini jiulize kwanza: simu ikiondoka na laini yake, msimbo utaupokea wapi? Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja. Iprinti, uiweke nyumbani pamoja na vyeti vyako vya shule. Usiihifadhi ndani ya Drive ile ile inayofunguliwa nayo, jambo ambalo nimeliona zaidi ya unavyodhani.

Ukikaribia kumaliza muda wako, usingoje siku ya mwisho, siku ya soda na keki. Wiki moja kabla, tafuta faili zote ambazo wewe ndiye mmiliki, uzihamishie kwa atakayebaki, na hakikisha amekubali. Mwandikie ukurasa mmoja wa linki muhimu na kila moja ni ya nini. Vilivyo vyako, kama barua ya mapendekezo, picha za siku ya mahafali na nakala ya kitabu chako cha atachimenti, vipakue uvipeleke kwenye akaunti yako binafsi, kwa ruhusa, bila kuchanganya na data ya ofisi. Fanya hivyo ungali na paswadi inayofanya kazi. Katika Workspace, msimamizi akishafuta akaunti yako ana siku 20 tu za kuirudisha, na wasimamizi wengi hawatakuwa wakikukumbuka siku ya 21 utakapopiga simu.