Kukata tumbo au baipasi, ipi inadumu?

SWALI: Dokta shikamoo, mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina kilo 128 na sukari juu, dawa kila siku. Kuna wanaosema nikate tumbo (slivu), wengine baipasi. Ipi haitanirudisha nilikotoka baada ya miaka?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Slivu ni kukata na kutoa sehemu kubwa ya tumbo, baipasi ni kubakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo kwa chini. Zote zinapunguza uzito kweli, ila baipasi inashikilia zaidi kidogo, hasa kwa sukari. Finlandi waliwafuatilia wagonjwa 240 kwa miaka 10, wa baipasi walipungua zaidi, japo tofauti sio ya kutisha. Kilichonishtua mimi ni kiungulia: waliokatwa slivu, 31% walikutwa na michubuko kwenye koo la chakula kwa ndani, baipasi 7% tu. Kwa hiyo kama usiku unaamka na tindikali mdomoni, slivu ifikirie mara mbili, na usisahau ile sehemu ya tumbo ikishakatwa imetupwa, hairudi.

Baipasi nayo ina yake. Ukinywa juisi ya zabibu yenye sukari glasi nzima kwa pupa, moyo unakimbia, jasho linakutoka, unakimbilia choo. Utumbo unaweza kujinyonga hata miaka baadaye, na vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni maisha yako yote, hapo ndo wengi wanazembea mpaka damu inaisha mwilini!

Puto, lile linalowekwa tumboni ili ushibe haraka, sikulipa nafasi, linatolewa baada ya miezi kadhaa na kilo nyingi hurudi. Na dawa za sukari usiache mwenyewe, daktari wako ndo atazipunguza.