Uga wa wastani unakupa Tc = 4, simulesheni inakupa 2.3: programu yako iko sawa

Mkuu, usiifute hiyo programu. Umesema ni spini za Ising (vishale vya sumaku, kila kimoja kinaangalia juu au chini tu) kwenye latisi ya mraba, yaani gridi, J (nguvu kati ya majirani) na k (namba ya Boltzmann) umeziweka 1, kwa karatasi, ukiweka wastani wa spini zote mahali pa kila jirani (ndo uga wa wastani), unapata Tc, joto ambalo usumaku unakufa, = 4 halafu kwenye kompyuta usumaku unakufa 2.3 hivi. Mimi hilo hilo lilinila wiki mbili nikiwa masters, natafuta kosa ambalo halipo, mpaka nikaandika programu yote upya na jibu likarudi lile lile.

Kilichonifungua macho ni kuchukua joto moja tu, T = 3. Uga wa wastani unasema m = tanh(4m/3), m ni wastani wa spini zote ukihesabu juu +1 na chini −1, shika kalkuleta uanze na m = 1, utapata 0.870, irudishe ndani upate 0.821, tena 0.799, endelea hivyo hivyo itatulia kwenye 0.776, yaani karibu spini tisa kati ya kumi zimeangalia juu. Halafu nikachora latisi yenyewe, 100 kwa 100, nyeusi juu nyeupe chini, nikakuta mabaka mabaka, visiwa vyeusi na vyeupe vimechanganyikana na wastani unacheza karibu na sifuri.

Sasa hivyo visiwa ndo jibu lako. Spini iliyo katikati ya kisiwa cha chini haijui habari za wastani wa latisi nzima, inawasikiliza majirani zake wanne tu, na hao wote wameangalia chini, kwa hiyo inabaki nao. Unapoweka m mahali pa jirani unakuwa umetupa ile (si − m)(sj − m), yaani jinsi spini mbili jirani, si na sj, zinavyoachana na wastani kwa pamoja, na visiwa vyote vilikuwa humo humo.

Majirani wakiwa wengi hali inakuwa nafuu. Kwenye mstari, majirani wawili, uga wa wastani unakupa Tc = 2 wakati Ising alishaonyesha 1925 kwamba haipo kabisa. Mraba ni 4 dhidi ya 2.269, jibu kamili la Onsager wa 1944, mchemraba ni 6 dhidi ya kama 4.51. Kwa hiyo wazo la Weiss la 1907, ndo huu uga wa wastani, usilidharau, linakupa kwa mistari miwili sababu ya sumaku kupoteza nguvu ikichomwa.

Ukitaka kusogea bila simulesheni jaribu njia ya Bethe, spini moja na majirani zake wanne unawahesabu kikamilifu, wa nje ndo unawawekea uga, hapo Tc inashuka mpaka 2.885. Ila chora kwanza hiyo picha ya T = 3.