Jibu: Kuifanya Perplexity iwe injini ya utafutaji kwenye Chrome

Ndugu, ulilouliza, yaani Perplexity (roboti wa akili bandia anayejibu maswali) ijibu moja kwa moja unapoandika kwenye upau wa anwani wa Chrome, linawezekana kwenye kompyuta. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya injini za utafutaji, uongeze mpya yenye anwani https://www.perplexity.ai/search?q=%s, ambapo %s ndiyo inayopokea maneno yako (usiisahau), kisha ubonyeze nukta tatu pembeni ya jina lake na kuiweka kuwa chaguo-msingi. Mimi, hata hivyo, nisingefika huko, kwani hata ukiandika tu jina NECTA ili ufungue tovuti yao utasubiri roboti akuandikie aya nzima. Ningeipa kifupisho "p", niwe naandika p, nafasi, halafu swali.