Jibu: Nairobi hadi New York, saa 13 au 15?

Ndugu uliyeuliza ndege huchukua saa ngapi kutoka Nairobi hadi New York, hesabu yako haina kosa: kilomita kama 11,800 ukigawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13. Sasa kwa nini tiketi inasema karibu 15? Hapo ndipo wengi tunajikwaa.

Hizo 11,800 ni mstari wa moja kwa moja. Chukua tufe la dunia uvute uzi kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi (JKIA) hadi ule wa New York (JFK): utakatiza Sahara na kutokea Atlantiki. Rubani hafuati uzi huo barabara, tena kuna muda wa kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Lakini mlaji mkuu wa muda ni upepo. Kule juu, kilomita kama kumi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, ndiyo maana kurudi ni kama saa 14, pengine pungufu.

Kenya Airways walianza safari hii bila kituo Oktoba 2018, kwa ndege ya Boeing 787 Dreamliner. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ushukie njiani, na siku nzima inaisha.

Kuhusu kufika: ukiondoka saa sita usiku, Nairobi itakuwa saa tisa alasiri unapotua, ila New York ni saa mbili asubuhi. Wakati wao wa baridi ni saa moja asubuhi, maana tofauti na Nairobi huwa saa 8 badala ya 7. Mwambie anayekupokea asichelewe, na usilale mchana huo!