Wivu si kijicho

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu anajiandaa kwa kipaimara hapa Masasi. Daftari lake limeandikwa "vichwa vya dhambi": majivuno, uchoyo, uzinzi, wivu, ulafi, hasira na uvivu. La mwenzake linasema "mizizi ya dhambi". Mtoto anauliza kama dhambi ni joka. Lipi sahihi?

JIBU: Milele amina, mama. Yote mawili sahihi. Kilatini kinaziita kwa neno lililotoka kwenye caput, yaani kichwa, na zimeitwa hivyo kwa sababu huzaa dhambi nyingine, kama mzizi uchipuavyo. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alizihesabu saba. Joka lenye vichwa saba limo katika kitabu cha Ufunuo. Mtoto asilitafute daftarini.

Lakini daftari hilo lina jambo linaloniuma zaidi, nalo ni hilo neno la nne. Wivu!

Wivu ni uchungu wa mtu juu ya kilicho chake. Mume anayekodoa macho ngomani, akihesabu mkewe amecheka mara ngapi na nani, huyo ana wivu. Anaweza kuwa kero, anaweza hata kukosa, ila analinda chake. Ndiyo maana Kutoka 20:5 inasema "Mungu mwenye wivu". Sasa tufanyeje, tumwandikie Mungu naye kichwa cha dhambi?

Dhambi inayosemwa hapo ni kijicho, au husuda ukipenda, neno tulilolipata kwa Waarabu. Chukua msimu wa korosho. Wewe na jirani yako mmevuna sawa. Wewe njaa ilikushinda, ukamuuzia mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho, kwa bei ya kutupa kabla korosho hazijakauka. Jirani akala mihogo, akavumilia, akapeleka magunia yake chama cha msingi cha ushirika, akangoja mnada. Fedha zikaingia, akanunua pikipiki. Nyekundu. Hakukuibia hata punje moja. Hakukupita barabarani akikucheka; juzi tu alikupakia bure mpaka hospitali ya Ndanda. Na bado kila pikipiki ikinguruma alfajiri wewe unageuka kitandani, na siku ilipopata pancha ulikula ugali ukashiba kuliko siku zote. Umepoteza nini? Hakuna. Umepungukiwa nini pikipiki hiyo ilipokuja? Hakuna. Hicho ndicho kijicho: kuhuzunika kwa sababu mwenzako amepata. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliieleza hivyo hivyo, huzuni juu ya heri ya mwingine. Akina mama wa Mikindani hawahitaji kumsoma Thoma, kanga imekwisha kusema: "Hasidi hana sababu." Mwenye wivu anayo sababu, hata ikiwa mbovu.

Tena tazama neno lenyewe lilivyo zuri. Kijicho ni jicho dogo, jicho lililofinywa. Kilatini nacho kinaiita dhambi hii invidia, kutokana na kutazama kwa jicho baya. Lugha mbili zisizojuana zimemkamata mwenye dhambi palepale, machoni. Nasi tunalitupa neno kama hilo na kuokota "wivu"!

Waliotafsiri Biblia ya Union walijua tofauti. Wakorintho wa Kwanza 13:4 inasema "upendo hauhusudu". Pilato naye alitambua kuwa Yesu ametolewa "kwa husuda". Mapendo ndiyo fadhila inayopigwa na dhambi hii, kwa hiyo dawa yake ni kumtakia jirani heri, ikibidi kwa kumsaidia kuziba hiyo pancha.

Najua nashindana na mto. Vijana wanaambiana "nakuonea wivu" kama pongezi, wakati "hongera" ipo na haina kodi. Wanasiasa wanatuhimiza tuwe na "wivu wa maendeleo", nao wanataka kusema ari. Hayo ya mitaani nimechoka kuyakemea, nayaacha yapite. Katika daftari la kipaimara siyaachi.

Kwa hiyo mama, chukua kalamu, futa "wivu", andika "kijicho". Mtoto huyu atakwenda kitubio. Akisema "nina wivu", padre hatajua ampe dawa ya mchumba au dawa ya pikipiki.