Maswali ya Wasomaji: Kampuni Ndogo za Mieleka Ziliishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, zamani nilikuwa na kibanda cha video hapa Chang'ombe, Dodoma. Usiku wa mieleka watoto walijaa hadi chini ya meza ya televisheni, nami nikikusanya shilingi mia mia kwenye kopo la maziwa ya unga. Leo nikiweka mieleka, vijana huniuliza Yanga inacheza saa ngapi. Je, mchezo umekufa? Na kampuni ndogo ziliishia wapi?
Msomaji, Chang'ombe

JIBU: Ndugu msomaji, mchezo haujafa, ila hali uliyoiona kibandani imeonekana hata Marekani, ambako kipindi cha mieleka cha Raw, cha kampuni ya WWF, kilikuwa na watazamaji zaidi ya milioni 6 mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2020 kilikuwa kikishuka mara kwa mara chini ya milioni 2.

Sababu ninayoipa uzito kuliko zote ni kufa kwa ushindani. Tangu Septemba 1995 kampuni pinzani ya WCW ilirusha kipindi chake cha Nitro kila Jumatatu, saa zilezile za Raw, na kila upande ukakesha ukibuni jambo jipya la kumzuia mtazamaji asibadili chaneli. Machi 2001 WWF, ambayo leo ni WWE, ikainunua WCW. Kampuni ya ECW, iliyokuwa ndogo lakini ikipendwa mno, ikafilisika mwaka huohuo. Mashabiki wengi wa WCW hawakumfuata mshindi, bali waliacha kabisa kutazama.

Kampuni ndogo zilianza kuumia mapema zaidi. Chini ya NWA, muungano wa kampuni za mieleka ulioundwa mwaka 1948, kila kampuni ilikuwa na eneo lake, hadi Vince McMahon, aliyeinunua WWF kutoka kwa baba yake mwaka 1982, alipovuka mipaka hiyo na kuwachukua nyota wa wenzake, akiwemo Hulk Hogan kutoka kampuni ya AWA ya Minneapolis. AWA ilifungwa mwaka 1991. Kampuni za TNA na ROH, zilizoanzishwa mwaka 2002, bado zipo, ingawa ROH ilinunuliwa mwaka 2022 na Tony Khan, mmiliki wa kampuni nyingine ya mieleka, AEW.

Kuhusu kibanda chako, Raw hurushwa kwetu alfajiri ya Jumanne, na jioni unapofungua mlango, vijana wameshaona vipande vyake kwenye simu na wanajua nani alishinda.