Hethum I na Wamongoli: je, ulikuwa "muungano"?

SWALI: Naandaa makala kuhusu ufalme wa Waarmenia wa Kilikia, uliokuwa kusini mwa Uturuki ya leo, katika karne ya 13. Ni sahihi kusema Mfalme Hethum I aliunda "muungano" na Wamongoli? Na mkewe, Zabel, nimwite "malkia" tu, basi?

JIBU: Muungano, hapana. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa Mtanzania, nomino hiyo ni nchi mbili kuwa dola moja, kama Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Kilikia ilibaki na mfalme wake, jeshi lake na makao yake makuu, Sis. Kitenzi lakini hakina kosa: "mwaka 1260 Hethum aliungana na Wamongoli kuishambulia Aleppo" (mji wa Shamu) ni sawa, maana hapo panatajwa vita fulani tu, si hali ya kudumu.

Isitoshe, hawakuwa wa hadhi moja. Wamongoli walipowavunja Waseljuki, watawala Waturuki wa Anatolia jirani, huko Köse Dağ mwaka 1243, Hethum hakungoja zamu yake. Mwaka 1247 alimtuma nduguye Smbat kwa Güyük, Khan Mkuu wa Wamongoli, na mwaka 1254 akafika mwenyewe Karakorum, mji mkuu wao, mbele ya Möngke, Khan Mkuu aliyefuata. Alitoa utii na askari, akapewa ulinzi. Andika basi "alijiweka chini ya himaya ya Wamongoli". "Kibaraka" liache jukwaani. Ni tusi la kisiasa, nalo linamhukumu mtu kabla msomaji hajajua alikuwa na njia gani nyingine.

Kwa Antiokia, dola jirani ya Wapiganaji wa Msalaba, ni habari ya ukwe. Hethum alimwoza binti yake Sibylla kwa Bohemond VI, mtawala wa huko, na mkwe naye akamfuata kwa Wamongoli. Hapo "walifungamana kwa ukwe" yatosha. Chunga herufi: "alimwoa" badala ya "alimwoza" itamfanya baba awe mume wa bintiye!

Malkia kwetu ni mwanamke anayetawala na pia mke wa mfalme, kwa hiyo neno peke yake halitoshi. Zabel ndiye aliyerithi kiti cha babake, Leo I, aliyefariki mwaka 1219. Mumewe wa kwanza, Philip wa Antiokia, alifungwa akafia kifungoni. Hethum akapata ufalme kwa kumwoa Zabel mwaka 1226. Mtaje mara ya kwanza kama "Malkia Zabel, mrithi wa Leo I", kisha endelea na "Malkia Zabel".

Majina ya Kilikia, Tarso na Antiokia yaandike kama yalivyo katika Biblia ya Kiswahili. Na "Hethum I" husomwa Hethum wa Kwanza, kamwe si "ya Kwanza".